Forosadi, komamanga, tini au zabibu: uanze na tawi la mti gani?

Anayejua kupanda mhogo ameshaijua nusu ya kazi hii. Anakata shina lililokomaa, analigawa pingili za shibiri moja moja, anazichomeka ardhini mvua zikianza, na wiki ya pili macho yanafumbuka. Hahitaji mbegu wala duka. Lakini mwambie mtu huyohuyo kwamba mforosadi, mkomamanga, mtini na mzabibu nayo hupandwa vivyo hivyo, atakuuliza mara mbili kama unasema kweli. Tumezoea kwenda kitaluni, kulipia mche ulio ndani ya kiriba, kisha kusubiri miaka miwili au mitatu ndipo tujue kama aina tuliyoambiwa ndiyo tuliyopewa.

Mimi naishi Tanga, mahali pa joto na unyevu, na matawi nimeyaotesha uani kwa miaka kadhaa sasa. Mengine yamefaulu, mengine yameoza. Wanaokuja kuomba vipando huniuliza swali moja: katika hii minne, nianze na upi? Kwa mwenye kiwanja huku Pwani jibu langu ni mforosadi, na hulitoa hata kwa mtu ambaye moyo wake uko kwenye zabibu. Kuotesha tawi ni kazi moja, na kulea mti uliotokana na tawi hilo ni kazi nyingine kabisa. Upo mti unaotoa mizizi upesi kisha ukataka uangalizi maisha yake yote. Upo unaokawia kutoa mizizi, lakini ukishashika ardhi unajitegemea. Anayetazama upande mmoja tu hujikuta na miche mingi na matunda machache.

Tawi, mbegu, au mche wa kitaluni?

Ukila komamanga tamu ukazifukia mbegu zake, zitaota bila shida. Ila kila mbegu ni mtoto wa wazazi wawili, na mtoto huyo anaweza kuzaa matunda machachu, madogo, yenye kokwa ngumu, hata kama mama yake anasifiwa mtaa mzima. Tawi si mtoto. Tawi ni mama yuleyule aliyehamia kiwanja kingine: utamu uleule, rangi ileile, ilimradi udongo na maji viwe vya kufaa. Tena tawi lililokatwa kwenye mti uliokwisha kuzaa halianzi utoto upya, ndiyo maana huwahi kuzaa kuliko mche wa mbegu.

Watu walilijua hili zamani mno. Mwaka 2006 watafiti walieleza habari za tini kavu zilizopatikana Gilgal, katika bonde la mto Yordani, zenye umri wa miaka 11,400 hivi. Zilikuwa za aina isiyo na mbegu za kuota, kwa hiyo wakatoa hoja kwamba lazima palikuwa na mtu aliyekata matawi ya mitini hiyo na kuyapanda. Ikiwa hoja yao ni sahihi, basi kuchomeka tawi la mtini kulitangulia kilimo cha ngano. Nikishika mkasi huikumbuka habari hiyo, na kazi huona ina heshima zaidi.

Mche wa kitaluni una nafasi yake, hasa ule uliobebeshwa, yaani tawi la mti mmoja lililounganishwa kwenye shina lenye mizizi la mti mwingine. Michungwa ya Muheza hubebeshwa juu ya mlimau ili mchungwa upate mizizi yenye nguvu kuliko yake. Pasheni ya zambarau hubebeshwa juu ya pasheni ya njano, kwa sababu mizizi ya njano huvumilia ugonjwa wa mnyauko unaokaa udongoni; tawi la ile ya zambarau ukilipanda lenyewe litaota vizuri, likachanua, kisha mnyauko ukaja kulichukua. Hata zabibu zina kisa chao. Katika karne ya 19 mdudu aitwaye filoksera alitoka Marekani akaingia Ulaya, akashambulia mizizi ya mizabibu, mashamba ya Ufaransa yakafa kwa wingi, na ponyo likawa kubebesha mizabibu ya Ulaya juu ya mizizi ya mizabibu ya Kimarekani. Kwa hiyo kabla ya kukata tawi la mti wowote, jiulize kama mti huo unaweza kuishi kwa mizizi yake wenyewe. Mforosadi, mkomamanga na mtini jibu ni ndiyo, ila mtini una adui mmoja wa mizizi ambaye nitamtaja mbele. Mzabibu wa uani nao kwa kawaida ni ndiyo.

Kasoro kubwa ya tawi wakulima wa mhogo wanaijua kwa uchungu. Batobato na michirizi kahawia, magonjwa mawili ya mhogo, vilienea wilaya hata wilaya ndani ya pingili zilizotolewa kwa wema, jirani akimpa jirani. Tawi hubeba utamu wa mama na magonjwa yake pia. Ukienda kuomba tawi, usitazame tunda peke yake. Tazama majani: kama yana madoa ya njano yasiyo na mpangilio, kama yamejikunja, kama gome lina vidonda, shukuru na urudi mikono mitupu. Nenda na mkasi wako wa kupogolea, uwe umeufuta kwa spiriti, ili nawe usimwachie mwenye mti ugonjwa uliotoka nao kwingine.

Mforosadi na mkomamanga

Nimeanza na hii miwili kwa sababu ndiyo inayogombea nafasi kwenye nyua nyingi za Pwani, na kwa sababu tofauti zao zinafundisha mengi.

Tawi la mforosadi, ambao wengine huuita mti wa malberi, lina haraka ya kuishi. Chagua tawi la msimu uliopita, lisiwe la kijani laini wala gogo, unene wa penseli au kidole cha mwisho, urefu wa sentimita 20 hadi 25, lenye macho matatu au manne. Ondoa majani yote. Kata chini kwa mnyoofu karibu kabisa na jicho, juu kata mshazari ili maji yasituame na ili usije ukalipanda kichwa chini. Chomeka theluthi mbili ardhini. Mwanzo wa masika hulichomeka moja kwa moja mahali litakapoishi, bila kiriba, na mengi hushika. Baada ya mwezi mmoja au mwezi na nusu lina mizizi ya kujitegemea. Wafugaji wa nondo wa hariri hupanda mashamba mazima kwa njia hiyohiyo, kwa kuwa kiwavi wa hariri hali kitu kingine ila jani la mforosadi. Kule Thika, Kenya, kipo kituo cha utafiti wa hariri, na huwezi kusema hariri bila kusema mforosadi.

Tawi la mkomamanga hukatwa kwa vipimo hivyohivyo, lakini tabia yake ni nyingine. Linakaa kimya. Wiki sita, nane, hata kumi zinaweza kupita kabla mizizi haijatosha. Hapa ndipo watu wengi hupoteza vipando vyao, kwa sababu kimya hicho hakionekani kwa nje: majani hutangulia mizizi. Tawi lolote lililokomaa lina akiba ya chakula ndani yake, na akiba hiyo inatosha kufumbua macho na kutoa majani manne au matano mazuri ya kung'aa huku chini hakuna hata uzi mmoja. Mwaka mmoja nilimpelekea shangazi yangu vipando vinne vya komamanga vilivyochipua vizuri, nikamwambia avihamishie ardhini. Ndani ya siku tisa vyote vilikuwa vimekauka. Nilipovifukua nikakuta chini pana kovu jeupe tu, lile uvimbe ambao mizizi hutokea, na mizizi yenyewe bado. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo sihamishi kipando cha komamanga mpaka nione mizizi ikichungulia kwenye matundu ya kiriba, au mpaka lile chipukizi la kwanza lisimame wiki kadhaa kisha lianze kukua mara ya pili. Ukuaji huo wa pili ndio unaosema kweli.

Baada ya hapo mizani hugeuka. Mkomamanga ukishashika ni mti wa subira kubwa. Huvumilia ukame, huvumilia udongo wenye chumvi kidogo, hauhitaji nafasi zaidi ya mita tatu au nne, na ukiupogoa vizuri ni kichaka cha mapambo hata usipozaa. Huzaa mwaka wa pili au wa tatu. Una mambo mawili ya kujifunza. La kwanza ni maua: yapo yenye tumbo kama mtungi, hayo ndiyo yanayobeba tunda, na yapo membamba kama kengele, hayo huanguka. Kwa hiyo usishtuke ukiona maua mekundu yametapakaa chini, mti haujaumwa. La pili ni maji. Tunda likikaa na kiu kwa wiki tatu kisha likapata mvua kubwa au ndoo nyingi kwa mpigo, ganda hupasuka na wadudu huingia. Maji kidogo kila mara ni bora kuliko mengi mara moja moja.

Na hali ya hewa? Jamaa zetu walioko Oman wanayajua makomamanga ya Jebel Akhdar, yanayokua kwenye matuta ya mlimani, mita 2,000 hivi juu ya bahari, penye baridi ya kweli wakati wa baridi na ukavu wakati wa matunda kuiva. Hapo ndipo komamanga hujisikia nyumbani. Huku kwetu Pwani mti unamea na kuzaa, lakini ganda mara nyingi lina madoa na matunda ya wakati wa mvua huoza upande mmoja. Ukiwa Dodoma, Singida, Same au upande wa Garissa, una bahati kuliko mimi.

Mforosadi hauna unyonge huo. Unazaa Tanga, unazaa Morogoro, unazaa Nairobi. Tawi ulilochomeka masika linaweza kukuonjesha matunda kabla mwaka haujaisha, kwa kuwa maua yake hutoka pamoja na chipukizi jipya. Hii ndiyo siri yake: ukitaka mavuno mengine, pogoa, pukutisha majani, mwagilia, na machipukizi yatakuja yakiwa na matunda. Watoto hawasubiri miaka. Tunda lenyewe halifai kwa biashara ya mbali, linabondeka kabla ya kufika sokoni, na ndege na popo watadai fungu lao. Usiupande karibu na kamba ya kuanikia nguo, maana doa la forosadi halitoki kwenye kanzu. Na usiuache ujiendee. Mforosadi usiopogolewa miaka mitatu si kichaka tena, ni mti mkubwa wenye mizizi inayotafuta msingi wa nyumba na shimo la choo.

Kati ya hii miwili, anayeanza achukue mforosadi, na mwenye subira ya miezi mitatu ya kumwagilia tawi lisilosema chochote aongeze mkomamanga pembeni. Gharama ni ileile: hakuna.

Mtini na mzabibu

Hii miwili inafanana kwa jambo moja: yote hutoa mizizi kwa wepesi wa kushangaza, kisha kila mmoja hukuonyesha ulichokuwa hujakiuliza.

Mtini ni ndugu wa mkuyu, na ukikata tawi lake utaona maziwa yaleyale meupe. Yaache yatiririke, weka tawi kivulini hata siku nzima mpaka jeraha likauke ndipo upande, vinginevyo mwanzo wa kuoza unakuwa hapohapo. Vaa glavu ikiwa ngozi yako ni nyepesi, kwa maana maziwa hayo huwasha, hasa jua likipiga juu yake. Kutoka hapo ni wiki nne hadi nane. Adui wa kipando cha mtini ni mkono wenye huruma. Mtu anaona tawi limesimama peke yake, anamwaga maji asubuhi na jioni, na katika wiki ya tatu tawi linateleza kama samaki ukiligusa. Maji ya kwanza yawe ya kutosha, kisha subiri mpaka mchanga wa juu ukauke kwa urefu wa kidole.

Watu huniuliza habari za nyigu. Mkuyu wetu hutegemea nyigu wadogo wanaoingia ndani ya tunda kulichavusha, na ipo mitini ya Mashariki ya Kati inayowategemea wa kwao vilevile. Mtini wa kawaida wa nyumbani hauhitaji. Tunda huiva bila uchavushaji wowote. Hiyo ni sababu nyingine ya kutaka tawi kutoka kwa mti ambao umeuona ukizaa kwa macho yako, na kuachana na mbegu za tini zinazouzwa mtandaoni. Mbegu hiyo inaweza kukupa mti dume usiolika, au ule unaomngoja nyigu asiyeishi nchini kwako.

Katika kulea, mtini unataka jua na ukavu. Pwani majani hushikwa na kutu, madoa ya rangi ya kahawia chini ya jani, mpaka mti unabaki uchi katikati ya mvua. Haufi, lakini tunda linalokuta mvua huchacha kabla halijachumwa. Na yule adui wa mizizi niliyemtaja ni minyoo fundo, hasa kwenye kichanga: ukifukua unakuta mizizi ina vinundu kama shanga. Usiupande palipokuwa na nyanya au bamia zilizougua ugonjwa huo. Kwa sababu hizi zote mimi naukuza mtini ndani ya ndoo kubwa, udongo nimeuchanganya mwenyewe, na mvua zikizidi nauburuta chini ya paa.

Mzabibu ndio mgumu kuusema kwa ufupi. Kwa upande wa kuotesha, huenda ndio rahisi kuliko yote baada ya mforosadi. Wakulima wa Dodoma wanapopogoa baada ya mavuno, vijiti vinavyoanguka chini ndivyo vipando vyenyewe: unene wa penseli, macho matatu au manne, rangi ya kahawia, ndani kijani kibichi ukikwangua. Funga fungu, viringisha gazeti lenye unyevu, na litasafiri kwa basi siku nzima bila kudhurika. Mimi vyangu vilikuja hivyo kutoka kwa ndugu zetu wa Hombolo. Nilichomeka kumi na mbili, tisa vikashika.

Lakini mzabibu si mti wa kupanda na kuusahau. Unataka kichanja au nyaya kabla haujafika magotini. Unataka kupogolewa kwa mpango, kwa sababu zabibu hutoka kwenye chipukizi la mwaka huu lililotoka kwenye tawi la msimu uliopita, na asiyejua aache macho mangapi hupata msitu wa majani bila kishada hata kimoja. Dodoma wana hewa kavu na mvua ya msimu mmoja, wanapogoa ili wavune mara mbili kwa mwaka, na kituo cha utafiti cha Makutupora kiko hapohapo na aina zilizojaribiwa kwenye udongo huo. Sisi wa Pwani tuna ubwiri. Ubwiri unga hufunika kishada kama kilichopakwa majivu, ubwiri vinyoya hula jani kwa chini, na kwa ule wa unga salfa inabidi iwe rafiki yako wa kila wiki mbili kipindi cha majani mapya. Mizabibu yangu tisa leo ni miwili. Mingine niliigawa kwa watu wanaoelekea bara, na nilifurahi nilipoambiwa wa Kondoa unazaa.

Kwa hiyo ukiwa sehemu kavu, una nyaya, na una muda wa kuukagua mti kila wiki, mzabibu utakulipa kuliko yote minne, kwani tunda lake huuzwa bichi na pia kwa kutengeneza mvinyo. Ukiwa Pwani na kazi yako inakuondoa nyumbani alfajiri mpaka usiku, uache.

Mchanga, udongo, au glasi ya maji

Watoto hupenda glasi ya maji kwa sababu wanaona mizizi ikitoka. Mtini na mzabibu hukubali. Lakini mizizi ya majini ni dhaifu, mieupe, na huvunjika ukiihamishia udongoni, kisha kipando kinaanza upya kutengeneza mingine. Udongo wa bustani peke yake hushika maji mno na huleta kuvu. Mimi nimebaki na mchanga wa mtoni uliooshwa mpaka maji yawe maangavu, nikichanganya na mboji iliyoiva kwa kiasi cha tatu kwa moja. Samadi mbichi hapana kabisa, huunguza. Mchanga wa baharini nao hapana, kwa chumvi yake.

Kipando kinataka joto chini na ubaridi juu, unyevu hewani na uwazi ardhini. Chini ya mwembe panafaa, au chanja lililoezekwa makuti yaliyopishana ili jua lipenye kwa matone. Kwa komamanga nafunika kila kipando kwa nusu ya juu ya chupa ya maji ya lita moja na nusu, kifuniko kikiwa wazi mchana. Zamani tulifunika kwa mifuko ya plastiki; tangu ilipopigwa marufuku Tanzania mwaka 2019, chupa imechukua kazi hiyo, na kwa kweli inaifanya vizuri zaidi kwa kuwa haigusi majani.

Dawa ya mizizi inayouzwa madukani ni homoni ya unga, na inasaidia kwa komamanga: inapunguza kusubiri na inaongeza idadi ya mizizi. Kwa mforosadi na mzabibu ni kupoteza pesa. Macho ya tawi lenyewe hutengeneza homoni hiyohiyo na kuishusha chini, ikajikusanya kwenye jeraha. Ndiyo maana tawi lisilo na jicho hata moja haliwezi kitu, na lililopandwa kichwa chini huhangaika. Kuna wanaochovya asali au utomvu wa shubiri mwitu. Kwa tawi lililokatwa kwa mkasi safi na kuchomekwa kwenye mchanga ulioosha mwenyewe, sijaona tofauti, na asali nainywa na chai.

Miti ya kuiacha

Usijisumbue na matawi ya mwembe wala mparachichi. Hiyo ni ya kubebesha. Mpera unadanganya, kwa kuwa tawi lake gumu hutoa majani kisha likafa. Tawi laini linaweza kushika lakini linataka ukungu wa maji mchana kutwa ambao nyumbani huna. Plamu, pichi na tufaha za Lushoto nazo ni za kubebesha.

Kwa mpera na mndimu ipo njia ya kati: kuliotesha tawi mizizi likiwa bado kwenye mti wake. Unamenya gome duara upana wa vidole viwili, unakwangua ute mpaka mti mweupe, unafunika kwa makumbi ya nazi yaliyoloweshwa, unaviringisha nailoni na kufunga juu na chini kama pipi. Baada ya miezi miwili au mitatu unaona mizizi kupitia nailoni, unakata chini yake, na una mche wenye umri wa mama. Ni kazi ya tawi moja moja, lakini tawi halikosi maji kwa sababu bado linanyonya.

Ukiwa hapa, chukua huu

Mwenye kiwanja Pwani, kuanzia Lamu mpaka Mtwara, apande mforosadi mmoja mwisho wa uwanja na mkomamanga karibu na bomba. Mwenye kiwanja Dodoma au Singida yuko huru kupanda yote minne, na aanze na mzabibu kwa sababu vijiti viko kwa jirani bure. Nyanda za baridi kama Lushoto, Njombe au Limuru, mforosadi na mtini vitakwenda vizuri. Mkomamanga utakua ila tunda litakawia kuwa tamu.

Wakati nao si mmoja. Mforosadi na mkomamanga nakata mwanzo wa masika, mwezi wa tatu, ili mvua zifanye kazi ya ndoo. Mtini nakata kipupwe, mwezi wa sita au wa saba, mvua zikiwa zimepungua na jua likiwa na huruma. Mzabibu unafuata siku ya kupogoa, si kalenda yangu.

Na anayekaa nyumba ya kupanga, ambaye ndiye huniuliza kwa sauti ya chini kana kwamba hana haki ya kupanda mti, namwambia achukue mtini. Ndoo ya lita 20 iliyotobolewa matundu sita chini, kokoto vidole viwili, kisha mchanga na mboji nusu kwa nusu. Kipando kimoja katikati. Mizizi ikibanwa kidogo mtini hauchukii, huelekeza nguvu kwenye matunda, na mwaka wa pili unaweza kuchuma za kuhesabu mkononi. Kila mwaka wa tatu ungoe, punguza mizizi kwa kisu, badilisha udongo, rudisha. Mwenye nyumba akiongeza kodi, ndoo inapanda kigari cha Kirikuu pamoja na kitanda.